Spika Mbili Zinazotazamana

Odeta hakuwa na meza. Hakuwa na visikilizio vya masikio mawili. Vyake vilikuwa vimekufa upande wa kulia. Hakuwa na ile mashine ya madijei yenye sahani mbili, ila kompyuta iliyokatika bawaba, kioo chake kikiegemezwa kwenye tofali. Hakuwa na gari la kubebea spika, hakuwa na bango lenye picha yake, hakuwa na mjomba redioni. Hakuwa na wimbo hata mmoja ambao walevi wangeweza kuuimba. Na juu ya hayo yote hakuwa mwanamume, jambo ambalo wenye baa wa Mwanza walimkumbusha kila alipofika mlangoni na kompyuta yake kwenye mfuko wa sandarusi, wakamwuliza amekuja kuosha glasi au kupika supu.

Alichokuwa nacho ni sikio. Siku za kazi alikuwa fundi simu katika kibanda cha Mkuyuni, na wateja walisema anaweza kuijua spika iliyokufa kwa kuigonga tu na ukucha. Jumapili alikuwa mtu mwingine. Alianzia kwenye karakana ya kuchomelea mageti, vijana wakicheza katikati ya vyuma, mpaka mwenye karakana alipookoka akawafukuza. Akahamia banda la barafu la wachuuzi wa sangara, pale ufukweni, ambako sakafu iliteleza na wachezaji walirudi makwao wakinuka samaki hata mama zao wakadhani wamepata kazi. Akajaribu baa moja ya mjini, ambako meneja alimchomolea waya mbele ya watu na kumwambia apeleke kelele zake hospitali ya meno.

Kila alipofukuzwa aliondoka na kitu. Karakana ilimfundisha kwamba bati nalo ni ngoma, ukilijulia. Banda la barafu lilimfundisha kunyamaza: kwamba besi ukiikata ghafla watu huinamia mbele kama wanaochungulia kisima. Baa ilimfundisha kwamba mtu asiyetaka kuvutwa havutwi kwa ukubwa wa sauti. Akayachukua yote hayo mpaka kwenye jineri kuukuu, kile kiwanda cha kuchambulia pamba kilicho kando ya barabara ya Misungwi, ambako mlinzi, kijana mmoja aitwaye Jonathan, alikubali kuwafungulia mchana wa Jumapili ili mradi waache pamefagiwa. Habari zilipita kwa ujumbe wa simu tu: jinerini, baada ya misa, njoo na maji yako.

Baba yake, Mzee Chenge, alijua kuwa binti anapiga muziki, na hakuuliza zaidi. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na alikuwa na muziki wake mwenyewe. Ndiye aliyekuwa mpiga ngoma kubwa wa chama cha ngoma cha Bagalu kule Kisesa, na tangu nywele zake zikiwa nyeusi hapakuwa na sikukuu ya Bulabo, mashindano ya ngoma ya kila mwaka, aliyoikosa.

Kwa Wasukuma ngoma hizo hazipigwi na chama kimoja peke yake. Bagalu husimama upande huu, wapinzani wao Bagika upande ule, wote wakipiga kwa wakati mmoja, na watazamaji wakiwa katikati. Hakuna jaji. Anayevutiwa anavuka. Upande unaojaza watu ndio ulioshinda, na upande uliobaki na vumbi hukusanya ngoma zake na kwenda nyumbani kimya.

*

Jumanne asubuhi Obedi, katibu wa chama, alishuka Mkuyuni, penye cherehani ya Mzee Chenge, akiwa amevaa koti. Mzee Chenge alipoliona koti akajua kuna jambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, katibu. Suruali yako bado mkunjo."

"Sikufuata suruali." Obedi aliangalia huku na huku. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi, na fundi wa jirani, Rose, alikuwa amesimamisha cherehani yake ili asikie vizuri. "Tungeweza kusogea pembeni?"

"Pembeni ni wapi? Hapa ndipo ninapofanyia kazi. Sema."

Obedi akatoa simu, akaibonyeza, akainyanyua juu kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Ngoma ikalia humo ndani, nyembamba, ya bati. Mzee Chenge aliitambua kabla hajafikiri. Pigo la kushoto lilichelewa kidogo, lilivyokuwa likichelewa tangu sindano ya cherehani ilipompita kidoleni, na hakuna mpigaji mwingine mkoa mzima aliyekuwa na pigo hilo. Ilikuwa ngoma yake. Kisha, juu yake, ndani yake, ikaingia ngoma nyingine. Nayo aliitambua. Ilikuwa ya Bagika.

"Hiyo inazunguka kwenye simu za vijana mpaka Magu," alisema Obedi. "Wanasema ni kazi ya binti yako. Mwenyekiti Malimi ameisikia. Wazee wote wameisikia, tuliiweka mezani kwenye kikao. Ametia ngoma yetu na ya Bagika kwenye chungu kimoja akakoroga. Wenzetu wanatucheka, wanasema Chenge amejisalimisha, sasa anawapigia wao."

"Mimi sikumpa mtu ngoma."

"Basi ameiba. Lililo jepesi kwako ni hilo." Akatoa bahasha yenye mhuri wa chama. "Kikao kinataka barua ya kuomba radhi kabla ya Bulabo. Useme amechukua bila ruhusa, na kwamba imefutwa. Itasomwa mbele ya wanachama. Barua isipofika, ngoma kubwa atapiga mwingine."

Mzee Chenge aliiweka bahasha chini ya mkasi. "Nimesikia. Msalimie Malimi."

Obedi hakuondoka. Alikuna shingo. "Kuna na mikwiro. Imesemwa ikae ofisini mpaka barua ifike. Samahani, mzee wangu, mimi nimetumwa tu."

Ile mikwiro ya kupigia ngoma ilikuwa ikining'inia ukutani nyuma ya cherehani, imefungwa kwa kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye sketi za shule. Mzee Chenge alisimama, akaitungua, akaipangusa vumbi ingawa haikuwa na vumbi. Wateja waliangalia viatu vyao. Obedi akaipokea kwa mikono miwili na kuitia kwapani, na alipovuka barabara ilionekana kama amenunua miwa.

"Fundi," akasema Rose kwa upole uliozidi, "kumbe shemeji zako wamekuoa na wewe."

Alikuwa anasema kweli kwa namna yake, maana Rebeka, mkewe Mzee Chenge, alizaliwa kwenye nyumba ya Bagika.

*

Jioni hiyo walikula ugali na dagaa wa kukaanga. Odeta alikuwa bado na risasi ya kuchomelea nyaya za simu kwenye kucha. Mzee Chenge alimaliza, akanawa, akaweka bahasha juu ya meza.

"Ile ngoma ulinirekodi lini?"

"Mwaka jana, baba. Ulipokuwa ukifanya mazoezi nyuma ya nyumba. Niliacha simu dirishani."

"Na ile ya pili?"

Odeta akamwangalia mama yake. "Ni ya mjomba Kija."

"Kija," alisema Mzee Chenge. Alilitamka jina la shemeji yake kama anayetema mbegu ya chungwa. "Yeye alijua anarekodiwa?"

"Alijua. Alinipa na soda."

Rebeka akacheka, kisha akafunika mdomo. "Usiniangalie hivyo, baba Odeta. Nyumba hii ina pande mbili tangu siku uliyoleta ng'ombe kwetu. Ulitaka mtoto atoke upande mmoja?"

"Nataka afute." Akamgeukia Odeta. "Wamechukua mikwiro yangu leo, mbele ya watu. Obedi, ambaye nilimshonea kaptula ya darasa la kwanza. Futa kazi hiyo, na mimi niandike barua, mambo yaishe."

Odeta alichokonoa kucha. Alikuwa na umri wa kuposwa, lakini mbele ya baba yake sauti yake bado ilishuka. "Baba, Jumapili hii kuna dada anakuja jinerini, anaitwa Bernadetta, mtu wa Bukoba. Anawatafutia watu wa tamasha la Kampala wapigaji wa muziki wetu huu. Anakuja kusikiliza kazi hiyo hiyo. Nimeijenga mwaka mzima. Nyingine nilizonazo ni za kujifunzia tu."

"Mpigie nyingine."

"Kompyuta ilitaka kulinyoosha pigo lako," alisema Odeta. "Lile la kushoto. Inafanya hivyo yenyewe, kila pigo linaloingia inalipanga kwenye mstari. Nilirudi nyuma pigo moja moja nikalitoa kwenye mstari, mpaka likachelewa unavyolichelewesha wewe. Macho yaliniuma wiki nzima. Kama ningetaka ngoma yoyote tu ningechukua ya kwenye mtandao."

Mzee Chenge alikunja mkono wa kushoto. Hakutegemea mtu awe amekihesabu kidole chake kibovu kuwa kitu.

"Wazee waliisikia kwa simu?" akauliza Odeta.

"Waliiweka mezani."

"Simu moja? Spika moja?"

"Ulitaka wakodi redio ya harusi?"

"Basi hawajaisikia, baba. Hata wewe hujaisikia." Akanyanyua uso. "Uje Jumapili. Ukae mpaka mwisho. Ukiniambia futa, nitafuta hapo hapo, mbele yako na mbele ya yule dada, na sitaipiga tena popote."

"Mbele ya mama yako umesema."

"Mbele ya mama."

Rebeka alikuwa ameanza kukusanya sahani. "Mwanangu," alisema, "umemwekea baba yako dau, na unamjua alivyo mbishi."

*

Jumapili Mzee Chenge alivaa koti la misani na kutia mfukoni kalamu, karatasi na bahasha, kwa nia ya kuandika barua ya radhi akiwa bado na hasira. Alipofika jinerini, msichana wa mlangoni aliyevaa miwani ya jua ndani ya kivuli alimpigia goti.

"Shikamoo baba. Wazazi hawalipi."

"Wanakujaga wazazi?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Ndani kulikuwa na mwanga wa mchana ulioshuka kutoka matundu ya bati. Alitegemea walevi, akakuta vijana wenye chupa za maji, wauza mitumba, wanafunzi wa chuo, madereva wa bodaboda waliovua kofia ngumu. Walimpisha njia na kumwamkia mpaka akachoka kuitikia. Katikati ya ukumbi alimwona binti yake, na chini ya kompyuta akaona kitu kilichomfanya asimame. Ilikuwa ile meza ya cherehani yake ya zamani, yenye miguu ya chuma na pedeli, aliyodhani imeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Odeta alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya pedeli na kuikanyaga polepole, bila kujua, kama alivyofanya akiwa mtoto.

Spika hazikuwa mbele kama kanisani. Zilikuwa mbili, kubwa, kila moja kwenye ncha yake ya jengo, moja upande wa mizani ya kupimia pamba na nyingine upande wa mlango wa marobota, zikitazamana. Kati yao palikuwa na sakafu tupu na watu.

Odeta alianza na kimya. Kisha upande wa mizani ikatoka ngoma ya Mzee Chenge, lakini si ile ya simuni. Hii ilikuwa na tumbo. Ilipita kwenye saruji ikaingia kwenye soli za viatu, na pigo la kushoto lilipochelewa ukumbi mzima ulichelewa nalo, mabega yakingoja, yakashuka pamoja. Watu wakaanza kusogea upande ule. Mzee Chenge alihisi uso wake ukiwaka na akashukuru kwamba hakuna aliyemjua.

Ndipo upande wa marobota ukajibu. Ngoma ya Kija ilikuwa nyepesi, ya haraka, yenye dharau, na Odeta alikuwa ameipa kitu cha kompyuta kilicholia kama chuma kinachokwaruzwa juu ya barafu. Hazikuchanganyika. Kila moja ilikaa kwake ikapiga, zote kwa wakati mmoja, na aliyesimama katikati alizisikia zikimvuta huku na huku kama mtu aliyeshikwa mikono miwili. Watu wakavuka. Si mmoja mmoja. Walikimbia, wakicheka, vumbi na nyuzi za pamba kuukuu zikishuka kutoka kwenye paa. Upande wa mizani ukabaki mtupu. Odeta akaukata upande wa Kija ghafla, kwa kile kimya cha banda la barafu, watu wakainamia mbele. Ngoma ya Chenge ikarudi na bati lote la jineri nyuma yake, nao wakavuka tena.

Mzee Chenge alielewa. Wazee walikuwa wamezibana pande mbili kwenye tundu moja la simu, wakashangaa kwamba zinapigania nafasi. Hapa kila upande ulikuwa na uwanja wake. Binti yake hakuwa amekoroga chungu. Alikuwa ameleta Bulabo ndani ya nyumba ya pamba, na watoto hawa, ambao baadhi yao hawakujua Bagika ni nini, walikuwa wanacheza desturi yenyewe kwa miguu yao bila kufundishwa. Aliwaza juu ya zile baa, ambazo Rebeka alimsimulia, zilizomwuliza binti yake kama amekuja kuosha glasi.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapiga paja. Hakujua ulianza lini. Ngoma ya Kija ilikuwa imerudi, na ndani yake Odeta alikuwa ameingiza sauti ya mwanamke akiimba kwa mbali, wimbo wa kulimia, na sauti hiyo Mzee Chenge aliijua kwa sababu ilimpikia ugali kila siku. Akatembea. Watu walikuwa wanakimbia pande zote naye akatembea pamoja nao, koti likimpepea, mpaka katikati ya ukumbi akagongana na mzee mwingine aliyekuwa anakuja kwa kasi kutoka ule upande wa pili.

Alikuwa Kija.

Wakatazamana. Hapakuwa na mahali pa kujificha.

"Shemeji," alisema Kija kwa kupaza sauti, "unakwenda wapi?"

"Natafuta maji."

"Maji yako kule mlangoni."

"Na wewe unakwenda wapi?"

Kija aligeuka kuangalia spika ya mizani, ambako ngoma ya Bagalu ilikuwa bado inamngoja kwa pigo lililochelewa. Alikuwa na jasho mpaka kwenye ndevu. "Tusiulizane," akasema. Akampita, akaendelea na safari yake, na Mzee Chenge akaendelea na ya kwake, akasimama mbele ya spika ya Bagika akacheza mpaka mwisho.

*

Watu walipoanza kufagia, Bernadetta, mwanamke mrefu mwenye daftari dogo kwenye mkoba, alimsogelea Odeta.

"Hizi spika lazima zitazamane? Jukwaa la kule zote ziko mbele."

"Zikiwa mbele si ngoma tena, dada. Itakuwa kelele."

"Waandaaji watalalamika."

"Basi nitakaa Mwanza."

Bernadetta akacheka. "Tutazigeuza. Jiandae Agosti."

Odeta hakushangilia. Alikuwa ameshika kompyuta yake iliyovunjika bawaba kifuani na kumtafuta baba yake kwa macho. Alimkuta ameketi juu ya robota kuukuu, nyuzi nyeupe kwenye nywele, akijipepea na bahasha.

"Umekaa mpaka mwisho, baba."

"Nimekaa."

"Kidole kiko hapa juu ya kitufe. Nifute?"

Mzee Chenge aliangalia kitufe, kisha spika ya mizani, kisha ile nyingine. "Upande wangu besi ni ndogo," alisema. "Ya Kija umeipa besi kubwa kuliko yangu. Utanirekebishia kabla ya Kampala, au unataka nishindwe mpaka nchi za watu?"

*

Jumatatu asubuhi aliandika barua kwenye meza ya kukatia vitambaa, kwa ule mwandiko wake wa kusimama wima. Rebeka alimletea chai na kubaki mlangoni kumwangalia.

"Umeanza na Yah: kuomba radhi," alisema.

"Nimekata. Angalia vizuri."

Kweli alikuwa amekata, akaandika juu yake: Yah: Kutoa taarifa. Rebeka alisoma akiwa ameinama begani mwake.

*Ngoma hakuiba. Ni ya baba yake, na leo nimempa, mbele ya mama yake ambaye ni Mgika. Mliisikia kwa simu yenye spika moja, kwa hiyo hamkuisikia. Njooni jinerini Jumapili yoyote, wazee hawalipi. Ninawajulisha pia, kabla hamjaambiwa na wengine, kwamba nilivuka kwenda upande wa Bagika jana mchana, kwa miguu yangu mwenyewe, watu wakiniona. Shemeji yangu Kija naye alivuka kuja kwetu, mwulizeni. Kama mikwiro yangu mtampa mwingine, nitakuja Bulabo kama mtazamaji, na miguu yangu sasa mnaijua.*

"Watampa mwingine," alisema Rebeka.

"Huenda."

"Na wewe utakaa kwenye jua na watazamaji, baada ya miaka yote hiyo."

"Nitakaa karibu na kaka yako." Akaweka sahihi, akaandika jina lote na namba ya uanachama. Akakunja karatasi, akaitia kwenye ile bahasha aliyokwenda nayo jinerini. Akalamba ukingo, ukakataa kushika. Gundi ilikuwa imekauka na kujaa nyuzi za pamba. Alilamba tena. Rebeka akasema atamletea ugali kidogo wa kubandikia.

"Acha."

Aliisukuma bahasha chini ya sindano ya cherehani, akashusha mguu wa chuma, akakanyaga pedeli. Uzi wa buluu, uliobaki kwenye sketi za shule, ukapita ukingo wote kwa mstari ulionyooka. Mwishoni akarudisha mshono nyuma kidogo kama afanyavyo kwenye mfuko wa suruali, ili usifumuke. Rose alisimamisha cherehani yake kumwangalia. Odeta, aliyekuwa njiani kwenda kibandani kwake, alisimama mlangoni, akatoa simu taratibu na kuielekeza kwenye pedeli.

"Hata hii?" alisema baba yake bila kugeuka.

"Endelea tu, baba."

Akakata uzi kwa meno. Kijana wa bodaboda alikuwa anapita, Mzee Chenge akampigia mluzi, akamkabidhi bahasha pamoja na nauli ya Kisesa.

"Kwa nani, mzee?"

"Katibu Obedi, ofisi ya chama. Mpe mkononi. Mwambie aifungue kwa mkasi."

Kijana aliigeuza bahasha, akaushangaa mshono, akaitia ndani ya jaketi na kufunga zipu. Kisha akawasha pikipiki.